Mama Amekaa, Moyo Unakimbia

Jumapili, 9 Machi

Nimefika Ruaruke jana, na leo ndiyo nimemvisha mama saa. Ashrafu, mdogo wangu, aliituma kwa basi kutoka Mbagala. Nikaipokea Kibiti, nikafunga kibanda changu cha ushonaji, nikabeba cherehani ya mkono na vitambaa vyote vya Idd, nikaja huku. Nitashonea barazani kwa mama mpaka mpunga uvunwe. Mwaka huu sitaki awe peke yake.

Mwezi uliopita, kwenye kliniki moja pale mjini, walimpima presha wakaikuta imepanda kidogo. Wakamwambia afanye mazoezi, nusu saa kwa siku, ya kuufanya moyo uende mbio. Mama akaitika, "Ndiyo, mwanangu," na tulipotoka nje akaniuliza, "Hivi huyu anadhani mpunga wa mwaka jana ulijilima?"

Nimemweleza saa inavyofanya kazi, kama Ashrafu alivyonieleza. Chini yake kuna taa ya kijani inayoangaza damu kwenye ngozi na kuhesabu mapigo ya moyo. Nimeijazia umri wake, miaka hamsini na nane. Kwa umri huo inakisia moyo wa mtu kama yeye unaweza kwenda kasi kiasi gani mwisho wake. Mapigo yakipita kama nusu ya hapo, inaanza kuhesabu dakika za mazoezi. Yakipanda zaidi, dakika moja inaandikwa mbili. Haijali unatembea au umesimama, inatazama moyo tu.

"Basi nikigombana na jirani yangu Sijaona itaniandikia?"

"Mkigombana sana."

Amecheka mpaka akashika mbavu.

Jumatano, 12 Machi

Palizi. Tulikuwa bondeni tangu alfajiri, kabla jua halijaanza kutusumbua na funga. Mama alikuwa ameinama na jembe lake saa ikatetemeka mkononi, akalitupa jembe akidhani kaumwa na mdudu. Ilikuwa inampongeza. Dakika za siku zimetimia.

"Kwa kulima?"

"Kwa kulima."

Alisimama kati ya mpunga, matope hadi magotini, uso umejaa furaha. "Miaka arobaini," akasema, "na hakuna mtu aliyewahi kunipongeza."

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Nimeshona kanzu mbili.

Jumanne, 18 Machi

Jirani yetu Bi Sijaona amekuja kuazima chungu cha futari, akamzunguka mama kama mtu anayenunua ng'ombe. "Zabibu, umekatika kiuno! Ndiyo hiyo saa? Na mie mwambie Ashrafu aniletee."

Mama akajizungusha, akakaza kanga.

Kweli amepungua. Gauni lake la Idd nililikata kwa vipimo vya mwezi wa Shaabani, tena nilimpima mwenyewe. Leo nimemjaribisha likampwaya kiunoni na mabegani. Nimelibana. Funga, palizi, nikajisemea, nani asingepungua. Ila futari anakula kama watu watatu waliotoka kulima. Jana alimaliza muhogo wa nazi, akakomba sufuria, akauliza kama uji umebaki.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua kutwa. Hatukwenda bondeni. Mama alilala kwenye mkeka tangu adhuhuri mpaka alasiri, kifua wazi, akijipepea kwa kipande cha boksi na kulalamika joto, wakati mie nimejifunika kanga mbili. Jioni nikafungua simu kuangalia hesabu ya saa. Dakika za mazoezi zilikuwa nyingi kuliko siku ya palizi.

Nilimpigia Ashrafu. Akacheka. "Dada, saa ya bei chee hiyo. Mkanda ukilegea au mkono ukilowa, ile taa inasoma ovyo. Ikaze kidogo, uipandishe juu ya kifundo."

Nikaukausha mkono wa mama, nikaikaza. Kisha nikaivaa mie, nikakaa nayo huku nashikiza vifungo. Haikuniandikia hata dakika moja. Nikamrudishia mama, akalala tena, ikaanza kuhesabu.

Baba alifia bondeni hukohuko miaka minne nyuma. Asubuhi alilalamika amechoka, tukamwambia apumzike kesho. Sisemi kwamba ni jambo lile lile. Naandika tu kwamba nimemkumbuka.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Mama amekaa, saa imehesabu.

Jumatatu, 31 Machi, Idd

Tumeswali, tumerudi. Mama alikaa kwenye kiti barazani na gauni lake, watoto wanakuja kumpa mkono, anawapa peremende. Nililibana gauni lile mara ya pili juzi, na leo bado kwapani limebaki wazi. Mjomba Mwinyimvua, kaka yake mama, alikuwa anatusimulia habari ya ng'ombe wa wafugaji walioingia kwenye ufuta wa mtu, saa ikatetemeka, ikawaka. Lengo la wiki nzima limetimia. Jumatatu asubuhi, mtu amekaa kwenye kiti.

Wageni walivunjika mbavu. "Zabibu anakimbia kwa peremende!" Mama naye akacheka, nami nikacheka nao. Halafu nikamwona anavyomimina chai kwenye kikombe cha mjomba. Mkono ulikuwa unamtetemeka hata buli likagonga kikombe, tii-tii-tii. Mjomba akakizuia kikombe kwa vidole viwili, akatazama pembeni.

Kumbe si mie tu niliyeona.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemshika mkono leo. Nilijifanya nampima kwa ajili ya bangili. Nikaweka vidole pale chini ya dole gumba nikasikiliza.

Cherehani nzuri ina mwendo wake, hata ukiwa chumba cha pili unaujua. Ikianza kuruka nyuzi unasikia kabla hujaona kwenye kitambaa. Moyo wa mama ulikuwa hivyo. Haraka, haraka, unaruka, mbili za pamoja, unanyamaza, unakurupuka tena. Nilijaribu kuufuata nikashindwa.

"Unanipima au unaniaga?" akauliza.

"Mama, twende zahanati."

Akaunyakua mkono. "Tangu umekuja hapa kazi yako kunitazama! Nikila unanitazama, nikilala unanitazama! Mie mgonjwa? Nani kakwambia mie mgonjwa?" Alipiga kelele hata Bi Sijaona akatoka nje kwake. Mama si mtu wa kupiga kelele. Hata baba alipokufa alilia kwa sauti ya chini.

Baadaye aliniletea kipande cha papai, akakiweka kando ya cherehani, akaondoka.

Jumanne, 8 Aprili

Amekubali, kwa sharti kwamba tutoke zahanati moja kwa moja hadi bondeni.

Nesi Nasma ni binti wa juzijuzi, mwenyeji wa Dimani, ana sauti ya upole na macho yasiyo na haraka. Alimsikiliza mama kifua muda mrefu. Akahesabu mapigo mkononi, akahesabu tena kifuani, na hesabu mbili hazikulingana.

"Mama, presha yako leo si mbaya," akasema. "Ila moyo unakwenda mbio na haueleweki mwendo wake. Hapa sina mashine ya kuuchora. Nataka uende hospitali Kibiti wiki hii."

"Wiki hii mpunga unachanua, mwanangu."

"Najua, mama."

"Hujui. Wale ndege, kwelea, wameshaonekana huko Mkongo. Nikiacha bonde siku mbili nitarudi nikute mabua. Nikishavuna nitakwenda, Inshallah."

Nasma akanitazama mie. "Akivuna ni mwezi wa sita," akasema taratibu.

Tulitoka. Nilimbembeleza njia nzima. Yeye akazidisha mwendo kuelekea bondeni.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Hapana mtandao.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Nimemwambia mama nitamtafutia mtu wa kuamia ndege wasile mpunga. Kasema mtu wa kulipwa huamia tumbo lake.

Jumamosi, 12 Aprili

Ashrafu amepatikana kwenye simu. Nilimweleza alivyosema Nasma. Akasema jambo ambalo tangu asubuhi linanizunguka kichwani.

"Dada, nikwambie ukweli? Wewe ndiye unayemtia mama hofu. Kutwa unamshika mkono, unamkodolea macho. Hata ningekuwa mie moyo ungenikimbia. Mvue hiyo saa. Nilikosea kuituma."

Nilimjibu vibaya. Lakini alipokata simu nikafanya jambo. Mama alikuwa anaoga, saa iko juu ya meza. Niliivaa, nikakaa kitako barazani, sikusogea. Nikawaza habari ya baba. Nikawaza mama amelala bondeni, uso kwenye maji. Baada ya muda saa ikaanza kuniandikia. Dakika moja, ya pili, ya nne. Mie niliyekaa kama gunia!

Kumbe na hofu nayo huhesabiwa. Basi nitajuaje? Huenda Ashrafu amesema kweli. Huenda moyo wa mama unaikimbia sura yangu.

Nimeiweka saa kwenye boksi la nyuzi. Mama hakuiulizia.

Jumatatu, 14 Aprili

Siku nzuri. Hatukuzungumzia moyo. Kalala vizuri, anasema.

Alhamisi, 17 Aprili

Mto umefura. Maji yameingia kwenye ile mbuga ya kutokea barabara ya Kibiti, na tangu leo pikipiki hazivuki. Mjomba anavusha watu kwa mtumbwi. Ndege wamefika. Ukitazama mbali unaona kama moshi, moshi unageuka, unashuka kwenye mpunga wa mtu.

Mama yuko juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kuamia, tangu alfajiri mpaka magharibi. Sauti imemkauka. Anapanda ile ngazi ya miti akishika kila kipago, anasimama katikati, anapumua, anapanda. Nikimwambia nipande mie, anasema mie sauti yangu ya mjini, ndege hawaiogopi.

Sikumshika mkono. Nimejizuia.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua. Ndege. Kasimama katikati ya ngazi mara mbili.

Alhamisi, 24 Aprili, hospitali, Kibiti

Naandika ya juzi Jumanne.

Ilikuwa alasiri, mvua imekatika, jua kali. Mama yuko juu ya dungu na kombeo lake, mie chini nafunga kamba ya makopo ya kutishia ndege. Mama huamia kwa sauti ndefu, "Haaaa-haya! Haaaa-haya!" na masikio yangu yamekwisha kuizoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Nikasikia "Haaaa," na lile la pili halikuja.

Ndege wakatua.

Nikamwita. Nikapanda. Alikuwa amekaa vilevile, mgongo kwenye nguzo, kombeo limemponyoka, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake. Mdomo umeshuka upande mmoja.

"Mama, niangalie."

Akaniangalia. Macho yake yalinijua. Akafungua mdomo kunijibu na kilichotoka hakikuwa neno. Akakisikia mwenyewe, akashtuka, akajaribu tena, kikatoka kilekile. Nimeona watu wakifa na sikuogopa namna ile. Nilimwona mama anatafuta lugha yake na hayuko nayo.

Nilipiga yowe. Mjomba Mwinyimvua, ambaye shamba lake linapakana na la mama, alikuja mbio akiukanyaga mpunga wake mwenyewe. Tulimfunga mama kwa kanga mgongoni kwa mjomba, kama mtoto, akashuka naye kipago kwa kipago, mie chini yake nimemshika miguu ili kama ataanguka waniangukie wote.

Tulipofika penye nyumba Bi Sijaona alishakuja na kikombe cha maji ya dua, na Nasma alishaitwa, alikuja akikimbia na begi lake. Bi Sijaona akainua kikombe kwenye midomo ya mama.

"Dua msomee, bibi, maji yasimguse," Nasma akasema. "Wala dawa. Hawezi kumeza sasa, yataingia mapafuni. Mlazeni ubavu." Akamgeukia mama. "Mama, nyanyua mikono yote miwili." Wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukatikisika, ukabaki. "Imeanza lini?"

"Sasa hivi. Nilisikia ilivyoanza."

"Vizuri kwamba ulisikia. Ni kiharusi, au dalili yake. Tunakwenda sasa hivi, hatungoji kupungua kwa maji." Alikuwa anapiga simu huku anaongea. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mzazi, wakasema litakuja kutupokea njiani.

Mtumbwi wa mjomba ni mwembamba. Mama alilala ubavu, kichwa mapajani mwangu, Nasma miguuni kwake, mjomba nyuma na upondo wake. Maji yalikuwa ya kahawia, yamefunika majani, na kila upondo ulipozama nilisikia matope yakiunyonya na kukataa kuuachia. Nilikuwa nimeweka vidole shingoni kwa mama. Haraka, haraka, unanyamaza. Kila uliponyamaza nilinyamaza nao.

Katikati ya mbuga akasogeza midomo.

"Nd," akasema. Kisha, "Ndege."

Nasma akainama. "Sema tena, mama."

"Nani..." Alipumua. Vidole vya mkono wa kulia vikajikunja kidogo juu ya kanga yangu. "Nani anaamia?"

Mjomba alisimamisha upondo. Sijawahi kumwona mjomba akilia, na hata jana kwenye simu alinikatalia kwamba alilia. "Mwenyezi Mungu anaamia," akasema, "wewe lala," akausukuma mtumbwi kwa nguvu hata maji yakaingia.

Ng'ambo alikuwa anatungoja Miraji, kijana wa bodaboda, na pikipiki yake, Nasma alishampigia. Nasma alibaki na mjomba, maana kituo hakina mwingine. Mama tukamweka katikati, mie nyuma nimemkumbatia na kumfunga kwangu kwa kanga. Miraji aliendesha kama amebeba mayai. Karibu na barabara ya lami tukakutana na gari la wagonjwa. Walipomlaza kwenye kitanda cha gari, mama akaniuliza kwa sauti iliyokaribia kuwa yake kabisa, "Umefunga mlango?"

Ijumaa, 25 Aprili, hospitali

Wamemchora moyo. Mashine imetoa karatasi yenye milima, na hata mie nisiyejua kitu nimeona milima haikulingana nafasi.

Daktari Shaabani ni kijana, mama anamwita baba. Alimwambia ameze mate huku anamtazama shingo. Akasimama nyuma yake, akamwekea vidole kooni. "Meza tena." Akamwambia anyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole, karatasi ikachezacheza. Akauliza maswali ambayo majibu yake yote nilikuwa nayo mie: anasikia joto, anakula sana na anakonda, hasira za ghafla, jasho.

"Kuna tezi hapa shingoni," akatueleza, "inayouambia mwili uende kasi gani. Ya mama nadhani inafanya kazi kupita kiasi, kwa hiyo mwili mzima unakimbia. Moyo umekimbizwa mpaka umepoteza mwendo, na moyo usio na mwendo damu huganda ndani yake. Kidonge kidogo cha damu ndicho kilichopanda kichwani. Bahati kimepita. Kingine huenda kisipite."

Nilimweleza habari ya saa. Nilimwuliza kama ilikuwa mbovu.

"Haikuwa mbovu," akasema. "Iliona moyo unakimbia, ikadhani na mwenye moyo anakimbia. Yenyewe haijui sababu. Sababu hutafutwa na watu."

"Mdogo wangu anasema hofu yangu ndiyo iliyomkimbiza."

Akafikiri. Nilimpenda kwa kufikiri. "Hofu hupandisha mapigo, ni kweli. Lakini haivimbishi shingo, wala haimfanyi mtu akonde huku anakula. Dada, ungemleta hata kwa kumburura."

Alisema kwa wema. Nimetoka nje, nimekaa penye bomba la maji, nimelia.

Jumamosi, 26 Aprili, hospitali

Ashrafu amefika. Alisimama kando ya kitanda na shati lake la Dar, begi bado begani, akimtazama mama alivyokonda. Tangu Desemba hajamwona.

"Mama, nifanye nini? Nikuletee nini?"

"Bonde liko peke yake."

"Mama, habari ya bonde..."

"Ashrafu."

"Naam."

"Ndege hawana likizo."

Alinitazama mie kama nitamwokoa. Sikumwokoa. Jioni alikuwa kwenye mtumbwi wa mjomba.

Jumanne, 29 Aprili

Damu imepelekwa Dar kupimwa tezi. Wamempa dawa ya kutuliza moyo na ya kuzuia damu isigande. Tunangoja.

Jumatano, 30 Aprili

Tunangoja. Usiku na mchana akinyamaza namsemesha. Leo kanijibu, "Nimo."

Jumamosi, 3 Mei

Ashrafu amepiga simu, sauti haitoki. Nilidhani ni mtandao, kumbe koo. Kwelea wamewachezea watu wa mashamba ya juu, lakini kwa mama wamechukua pembeni tu. Yuko kwenye dungu tangu kunakucha. Mjomba kamfundisha kombeo, amejipiga sikio.

"Dada," akasema, "hivi mama hufanya hivi kila mwaka? Peke yake?"

"Tangu baba afe."

Nilisikia makopo yakigongana kwa mbali. Niliona atasema jambo juu ya yale aliyoniambia ile siku, nikajitayarisha. Hakusema. Aliuliza dawa za mama zinamezwa saa ngapi, na kama zinataka chakula, akarudia mara mbili ili asisahau. Nilikuwa na maneno yangu ya ukali niliyoyaweka tangu tarehe kumi na mbili. Niliyatafuta nikakuta yamekwisha.

Alhamisi, 15 Mei

Majibu yametoka. Ni tezi. Daktari alikuwa anakisia, sasa ana hakika. Amempa vidonge vya kuituliza. Amesema itachukua wiki nyingi, na kwamba dawa ile ya damu asiiruke hata siku moja.

Tumeruhusiwa. Tuko kwenye kibanda changu Kibiti mpaka maji yapungue. Mama amelala kwenye mkeka nyuma ya cherehani. Nikisimamisha cherehani namsikia anapumua, kwa hiyo naisimamisha mara nyingi, na kazi haiendi.

Jumatatu, 19 Mei

Fizi imemtoka damu kidogo. Nimemkimbiza hospitali. Daktari kasema ni dawa, si kitu, apige mswaki taratibu. Nimerudi nimechoka kama niliyelima.

Jumatano, 28 Mei

Leo kipimo cha moyo kimechorwa tena. Milima bado hailingani vizuri, lakini imepungua kasi. Daktari kaniambia nisimshike mkono zaidi ya mara moja kwa siku. Mama aliomba hilo liandikwe kwenye cheti.

Jumatano, 11 Juni

Tumerudi Ruaruke. Barabara imekauka, imebaki na mashimo. Ashrafu alitupokea, mweusi kwa jua, amekonda, anatembea kama mtu wa hapa. Mpunga umeiva. Yeye na mjomba na Bi Sijaona wameanza kukata upande wa chini. Mama alisimama ukingoni mwa bonde akatazama mavuno yote toka mwisho hadi mwisho, mkono wa kulia umekamata kanga kifuani. Akamwambia Ashrafu, "Pale kati umewaachia ndege."

"Pale kati nililala, mama."

"Hata baba yako alikuwa akilala," akasema, na akamshika kichwa.

Hakuruhusiwa kushika kisu cha kuvunia mwaka huu. Alikaa kivulini akipepeta, na kila baada ya muda kidogo niliinua kichwa kumtazama. Nilijikata kidole.

Jumapili, 15 Juni

Daktari alisema aanze kutembea, taratibu, kidogo kila siku, bila mzigo wala safari. Leo baada ya alasiri tumeanza. Tukapita nyumba za watu, yeye na kanga mpya, mie kando yake mkono umening'inia karibu na wake bila kuugusa.

Mtu wa kwanza akauliza, "Bi Zabibu, mnakwenda wapi?"

"Hatuendi popote," mama akasema.

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

Walitutazama mpaka tukapotea kwenye kona. Mama alikuwa anajizuia kucheka. Kufika penye minazi ya msikitini akasimama ghafla.

Nilimkamata kiwiko, nikamgeuza anitazame, nikautazama mdomo wake, pande zote mbili. "Mama! Mama, sema kitu. Sema jina langu."

Alinitazama. Uso wake ulikuwa umenyooka. Akautoa mkono wangu kwenye kiwiko chake, kidole kimoja kimoja, akaushika ndani ya wake, na wake ulikuwa na joto na haukutetemeka.

"Mwanaharusi," akasema. "Nimesimama tu. Mtu husimama."

Kutoka nyumba ya jirani kulikuwa na harufu ya wali wa mpunga mpya unapaliwa makaa. Hiyo ndiyo iliyomsimamisha. Akafumba macho, akavuta pumzi. Nami nilikuwa bado napumua kama niliyekimbizwa, na yeye akaningoja, hakunivuta, mpaka pumzi yangu ikarudi.

Kisha tukaendelea.